Kuku wa Bwana Afya

Pale mtaani kwetu Pasiansi, Bwana Afya ulimjua kwa madirisha. Hakuingia nyumba ya mtu bila kufungua dirisha, na kama lilikuwa limezibwa kwa gunia au kwa boksi, alilizibua kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Hewa kwanza," ndipo akakusalimu. Kwa ajili hiyo nilimchukia miaka mingi. Nasema nilimchukia kwa sababu ni kweli, na yeye alijua, wala haikumzuia kunywa chai yangu.

Jina alikuwa nalo, lakini simkumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa Bwana Afya alipokuwa mtumishi wa manispaa, akabaki Bwana Afya baada ya kupunguzwa kazini, miaka ile serikali ilipokuwa inapunguza watu na biashara imekuwa ruksa kwa yeyote mwenye meza ya kupangia bidhaa. Wenzake waliopunguzwa naye walifungua vioski, wengine wakaenda mialoni kununua sangara wa kupeleka viwandani. Yeye aliendelea kukagua vyoo. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Asubuhi utamwona anashuka kilima na shati lake jeupe, kola imegeuzwa na fundi ili upande uliochakaa ukae ndani, mkononi ana fimbo ndefu ya kupimia kina cha shimo. Watu walimcheka akishapita. Akiwa mbele yao walisimama wima na kusema shikamoo.

Kosa langu kubwa machoni pake lilikuwa kuku. Sisi Wasukuma kuku analala ndani. Nje kuna kicheche, kuna mwizi, kuna mvua ya upepo, na kuku ni mali. Wangu walilala jikoni, na huko huko jikoni walilala wanangu wadogo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Siku moja, akiwa bado na kazi yake, aliingia, akafungua dirisha, akapiga magoti na kumulika uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe wangu. Kulikuwa na tetea anaatamia. Tetea akamdonoa kidole mpaka damu ikatoka.

"Mama Masanja," akasema, ananyonya kidole, "huyu ahame."

"Anaatamia, Bwana Afya. Ukimhamisha anasusa mayai."

"Basi nitarudi akishaangua."

Na akarudi kweli, vifaranga hata manyoya hayajakauka vizuri. Sijui alijuaje. Alinisimamia mpaka kuku wote wakatoka na kujengewa kibanda cha matofali ya udongo uani. Kicheche akala nilichomwekea. Waliobaki nikawarudisha ndani kimya kimya, na tangu hapo tukawa tunaviziana, mimi nafagia alfajiri na kumwaga majivu, yeye anapita baadaye na kunusa hewa ya mlangoni kwangu. Nilikuwa na ulimi mkali siku hizo. Nilimwambia pua yake ingefaa kuuzwa mnadani.

Lakini alikuwa mtu wa mambo mawili mawili. Mtu huyu aliyetufundisha kuchemsha maji mpaka tukachoka kumsikia, nilimwona kwa macho yangu nyumbani kwa bibi mmoja fukara juu kule kwenye mawe, anapokea kata ya maji yaliyotoka ziwani asubuhi ile ile, anakunywa yote, anashukuru. Nilimuuliza tukiwa njiani kurudi. Akasema yule mama hakuwa na kingine cha kumkirimu mgeni, na kwamba yeye dawa ya tumbo anayo nyumbani. Siku tatu hakuonekana mtaani. Mwenyewe alidai alikuwa na wageni.

Tena hakuweza kuona mtoto anakohoa akapita. Angemsimamisha barabarani mtoto asiyemjua, akamgeuza, akatega sikio mgongoni. Akina mama wengine walikasirika, wakidhani ni mchawi. Kifua ndicho kilikuwa ugomvi wake na dunia. Choo kichafu kilimkera. Kifua cha mtoto kilimnyima usingizi. Vumbi la kinyesi cha kuku, alisema, halionekani, linaelea tu, na mtoto analivuta usiku kucha kwa midomo wazi. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi kuliko nilivyosikia mahubiri, na nilimjibu kwamba mimi mwenyewe nililala na kuku mpaka nikaolewa. "Na waliokufa wadogo nyumbani kwenu?" akaniuliza siku moja. Nilikuwa na ndugu wawili waliokufa wadogo, lakini nani hakuwa nao?

Mke wake alikuwa amekwisha kufariki nilipohamia mtaa ule. Alikuwa na binti mmoja, Koku, mwalimu huko Bukoba. Sasa mwaka ule ule baba alipopunguzwa kazini, binti akarudi kwa meli na begi dogo na kikohozi. Mtaa ulisema uliyoyasema. Sitayarudia, maana hata sasa sijui ukweli wake, na waliokuwa wanasema hawakuujua pia. Ninachojua ni kwamba alikuwa mwembamba, mcheshi, na kifua chake ulikisikia ukiwa njiani. Hospitali walimpa dawa na kumwambia baba yake ampe chakula kizuri, yai kila siku kama inawezekana. Mwezi wa kwanza yai lilinunuliwa dukani. Baadaye pesa ya kulinunulia haikuwepo. Sisi majirani tulipeleka tulichoweza, lakini kuku wetu wa kienyeji hutaga siku chache, kisha wanataka kuatamia.

Hapo ndipo Bwana Afya alipochukua kilichobaki katika kiinua mgongo chake akanunua kuku wa kisasa na banda.

Banda lenyewe lilikuja vipande vipande. Mfanyabiashara mmoja wa Nyegezi alikuwa ameanza kuleta vitu vya kila aina kutoka nje, na kati ya vitu hivyo yalikuwamo mabanda ya kuku ya kuunganisha, kuta zake tayari, paa tayari, mfuko wa bolti na nati, na karatasi ya michoro. Tulikusanyika kuangalia. Lilikuwa zuri, nisiwe mwongo. Mbao nyembamba laini, wavu mbele, sanduku la kutagia ubavuni lenye kifuniko, na miguu mifupi. Kwenye karatasi walikuwa wamechora mnyama wa kuogopwa, ana mkia mnene na masikio marefu. Mwanangu Masanja akauliza kama ni mbwa.

"Huyo ni wa nchi za baridi," Bwana Afya akasema. "Hatuhusu."

Tukacheka wote. Koku alicheka mpaka akakohoa, akashika nguzo ya baraza, na baba yake akaacha spana chini.

Alipoliweka ndipo niliposhika kichwa. Mwanza ni mji wa mawe, na kila jiwe lina ufa, na kila ufa una mwenyewe. Pimbi, kenge, nyoka, kicheche, nguchiro, wote wana nyumba zao humo, na mtu aliyekulia huku haweki kuku karibu na jiwe kubwa. Lakini yeye alizoea migomba ya kwao Kagera, na isitoshe alikuwa na sheria zake. Banda lisikaribie jiko. Lisikaribie choo. Lisikaribie mpaka wa jirani. Zaidi ya yote lisiwe upande unaotoka upepo wa kuelekea dirisha la Koku. Alipima kiwanja kizima kwa hatua zake ndefu, na ukishaondoa kila mahali palipokatazwa, pakabaki mahali pamoja tu, chini ya jiwe.

"Bwana Afya, hapo unawapikia wanyama chakula," nikamwambia.

"Waya upo, Mama Masanja."

Waya ulikuwepo. Ulikuwa wa kumzuia kuku asitoke, lakini haukutengenezwa kumzuia kitu kuingia. Juma lile lile la kwanza kuku mmoja alikutwa ameanguka ndani, kichwa hakipo, mwili mzima hauna hata mchubuko. Kicheche alikuwa amemshika shingo kupitia tundu la wavu na kumvuta alipoweza. Bwana Afya aliagiza kwao ule waya mgumu wa matundu madogo wanaoanikia kahawa, ukaja kwa meli ukiwa umeviringishwa, akaugongomea banda zima kwa misumari ya pete. Mikono yake ilichanika. Akafuata nguchiro aliyechimba chini ya ukuta. Akachimba mtaro kuzunguka banda mpaka jembe likagonga mwamba, akafukia waya humo na kushindilia kokoto. Akaja kenge. Kenge hakuhangaika na ukuta. Aliinua kifuniko cha sanduku la kutagia kwa pua yake, akala mayai, akashuka. Bwana Afya akaweka komeo. Mvua zilipoanza siafu wakapanda miguu ya banda, akaisimamisha kila mguu katika kopo la oili chafu.

Nikupe haki yako, Bwana Afya. Sijaona mtu aliyepigana hivyo. Aliziba ufa wa jiwe kwa saruji, na ufa mwingine ukajulikana. Alikata matawi yaliyoegemea paa. Bati la paa lilikuwa jembamba, na kutoka juu ya jiwe kitu chochote kiliweza kuruka juu yake na kulikunjua pembeni, akalibebesha mawe, mbao laini zikaanza kulemewa na mlango ukakataa kufunga. Kila alipomaliza upande mmoja, mnyama alikuja upande mwingine. Na hata pale ambapo hakuingia, alizunguka, akakwaruza, na kuku wakashinda usiku wamejibanza. Kuku mwenye hofu hatagi. Mayai yakawa ya siku moja kwa wiki, kisha yakakoma.

Nilimkuta Koku barazani asubuhi moja, kajifunika blanketi, anamtazama baba yake akiwa amepiga magoti na koleo na waya.

"Mama Masanja, mwambie baba apumzike."

"Atanisikia mimi?"

"Hasikii mtu." Akashusha sauti. "Unajua mimi mayai siyapendi? Tangu utotoni. Nayameza tu, ili aone nimekula."

Nilipomwangalia alikuwa anatabasamu, na mimi machozi yalinitoka pale pale, sikuona sababu ya kujificha. Nikamwendea baba yake. Nikamwambia waingize ndani hao kuku, mbona hata vita vina mwisho. Akanyanyuka. Hakuwa amenyoa. Akasema polepole, kama anayemweleza mtu asiyejua kusoma, kwamba ndani kuna kifua, na kifua kile hakiwezi kupata vumbi lile hata siku moja, na kama nampenda Koku nisirudie.

"Basi walale kwangu," nikasema. "Wangu wako jikoni tayari, wewe unajua, mimi najua, tumalize mchezo huu. Jioni walete, asubuhi wachukue. Kwangu hakuna kicheche."

Aliangalia nyumba yangu, akaangalia ile koleo mkononi.

Jioni ile akaja na tenga, amelifunika kwa kanga ya marehemu mkewe. Ee, nilifurahi. Sikuweza kujizuia. "Karibu Bwana Afya," nikamwambia, "hoteli ina nafasi." Wanangu walikuwa wameshatandika mkeka wao, Kabula, kitinda mimba wangu, amekwisha kulala. Bwana Afya alisimama mlangoni na tenga lake. Akaingia, akaliweka pembeni kabisa, mbali na mkeka kadiri chumba kilivyoruhusu, kisha akaenda kufungua dirisha. Akatoka bila kwaheri.

Ikawa ndiyo desturi. Jua likizama tenga linakuja, kukipambazuka tenga linaondoka. Kuku wakatulia, mayai yakarudi. Mtaa mzima ulipata cha kusema, na mimi nilikuwa wa kwanza kukisema. Niliwaita majirani waje waone Bwana Afya analaza kuku jikoni kwangu baada ya miaka yote ile. Yeye hakujibu utani. Asubuhi alikawia. Badala ya kubeba kuku wake aende, alisimama anawatazama wanangu wanavyoamka, mmoja mmoja, na mimi nilidhani anakagua kama mkeka umefagiwa. Nilimwona amenyenyekea. Nilidhani maisha yamemfundisha, na nilijisikia mwema sana.

Koku alikula mayai yake mwaka mzima na zaidi kidogo. Kuna kipindi alinona, akafundisha watoto wa mtaa kusoma pale barazani. Kisha masika yakaja, akarudi kitandani. Asubuhi moja Bwana Afya hakuja kuchukua kuku. Jua likapanda, kuku wakaanza kupiga kelele ndani ya tenga. Nikajifunga kanga, nikaenda bila kuuliza mtu.

Baada ya msiba aliniachia kuku wote. Banda alilifungua bolti kwa bolti, akaliuza kwa mtu wa Igoma, na akamwambia yule mtu wazi wazi lina ubovu gani. Akaacha kukagua vyoo. Haukupita muda mrefu akahamia Usagara, kwenye kipande cha shamba, na sikumwona tena kwa miaka.

Nilimwona mara moja tu. Nilikuwa nampeleka Kabula shule ya bweni, amefaulu kwenda sekondari, na gari letu lilisimama pale njia panda ya Usagara kubadilisha gurudumu. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka la mbolea. Shati jeupe, kola ile ile. Alikuwa amekonda, lakini alinijua kabla sijafika.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, Mama Masanja." Hakuuliza habari za safari wala za mtaa. "Watoto wangapi waliokuwa wanalala jikoni?"

Nilicheka. Nikamwambia ni walewale, wote wazima, Masanja yuko Geita, na wa mwisho ndiye yule pale anayenunua ndizi. Nikaanza utani wa hoteli. Akanikatiza kwa mkono.

"Nilijua," akasema. "Kila jioni. Nilisimama mlangoni kwako, nikawaona wamelala pale chini, nikajua ninachowaletea. Nikaweka tenga."

"Mbona kuku wangu walikuwa humo humo siku zote?"

"Wako uliwaweka hujui. Mimi nilikuwa najua." Akamtazama Kabula kule kwenye ndizi. "Nilisema kifua cha mwanangu hakiwezi. Vya wanao nikasema vitaweza. Nilichagua, waitu, ndugu yangu. Na kwa Mungu, ningerudi siku zile ningechagua hivyo hivyo, hilo ndilo linalonila."

Hasira ilinipanda hapo hapo, kali. Miaka yote nilidhani yule mtu aliona alikosea kuhusu kuku. Kumbe hakuona hivyo hata siku moja. Aliamini maneno yake yote, na akiwa anayaamini akawaweka wanangu upande wa pili wa mizani. Kabula alikohoa kila masika mpaka akawa msichana mkubwa, na mimi nikasema ni baridi ya ziwa, maana watoto wote wa Pasiansi walikohoa. Nilitaka kumwuliza kama ni lile vumbi lake. Nilitaka kumtukana. Nikamkumbuka Koku anavyomeza yai asilolipenda, nikabaki nimesimama na mkoba wangu.

Kabula akaja na ndizi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, babu."

Mzee alimshika bega, akamgeuza taratibu akiwa bado amekaa, akaegemeza sikio mgongoni kwa mwanangu, pale juu ya sweta la shule. Kabula akanitazama kwa mshangao. Nikamwashiria atulie. Lori la pamba lilikuwa linapanda barabarani, na Bwana Afya akainua kidole, tusubiri lipite.

"Vuta pumzi, mwanangu."

Kabula akavuta. Utingo akatuita, gurudumu limekwisha fungwa, watu wanapanda. Mzee alikuwa amefumba macho.

"Tena," akasema. "Vuta tena."